Kutoka Kavirondo Kusini hadi Hai: Historia ya Kuhesabu Shinikizo la Damu na Kiharusi katika Afrika Mashariki

Ikisiri

Makala hii inafuatilia historia ya tafiti za jamii kuhusu vihatarishi vya magonjwa ya moyo, kiharusi na kuganda kwa damu katika Afrika Mashariki tangu mwaka 1929, na inazisoma sambamba na utafiti wa Framingham ulioanza nchini Marekani mwaka 1948. Inadaiwa hapa kwamba eneo hili halikukosa vipimo bali lilikosa ufuatiliaji. Watu walipimwa mara moja wakaachwa, na matokeo ya kipimo hicho kimoja yakasomwa kama sifa ya kudumu ya Mwafrika. Usomaji huo ulichelewesha kuhesabiwa kwa kiharusi, na athari yake bado imo katika zana ambazo wizara za afya zinazitegemea leo.

Utangulizi

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa chati mpya za kukadiria uwezekano wa mtu kupata mshtuko wa moyo au kiharusi ndani ya miaka 10. Dunia iligawanywa katika kanda 21, na Afrika Mashariki ikapata chati yake. Mhudumu wa afya anahitaji kujua umri wa mtu, jinsia yake, kama anavuta sigara, shinikizo lake la damu na, pale pasipo na maabara, uwiano wa uzito na urefu wake; kisha anasoma rangi ya kisanduku. Ni zana rahisi, na urahisi huo ndio thamani yake.

Hata hivyo, nyuma ya kila kisanduku kuna watu waliopimwa wakiwa wazima, kisha wakafuatiliwa miaka mingi hadi ikajulikana nani aliugua na nani hakuugua. Chati za mwaka 2019 zilijengwa juu ya takwimu za makundi 85 ya ufuatiliaji yenye watu 376,177. Sehemu kubwa ya makundi hayo ni ya nchi za kipato cha juu. Kanda nyingine zilipata chati zao kwa kurekebisha hesabu hizo kulingana na makadirio ya ukubwa wa ugonjwa katika kila kanda. Kwa hiyo, mtu wa Morogoro au Mbarara anakadiriwa kwa uzoefu wa watu wa kwingine, uliopunguzwa au kuongezwa kidogo.

Jambo hili si la kulaumu. Waliotengeneza chati walitumia kilichokuwapo. Swali la kihistoria ni kwa nini kilichokuwapo kilikuwa kichache kiasi hicho, hali Afrika Mashariki ilikuwa miongoni mwa sehemu za mwanzo duniani ambako shinikizo la damu la jamii nzima lilipimwa.

Watu 1,000 wa Kavirondo Kusini

Mwaka 1929 jarida la Lancet la Uingereza lilichapisha makala ya C. P. Donnison, daktari aliyefanya kazi Kavirondo Kusini, eneo ambalo leo limo katika kaunti za Kisii, Nyamira, Homa Bay na Migori. Donnison aliwapima watu 1,000 walioonekana kuwa na afya. Aligundua kwamba shinikizo la damu la vijana lilikaribiana na la Wazungu wa rika lao, lakini baada ya miaka 40 halikupanda kama ilivyotarajiwa, lilishuka. Tena, katika wagonjwa wapatao 1,800 waliolazwa hospitalini kwake kwa muda wa miaka miwili, hakukuta hata mmoja mwenye ugonjwa wa shinikizo la juu la damu.

Matokeo hayo yalinukuliwa kwa miongo mingi. Inafaa kumtendea haki mwandishi wake: Donnison hakudai kwamba damu ya Mwafrika ni tofauti na ya Mzungu. Katika kitabu chake cha mwaka 1937, Civilization and Disease, aliyahusisha maradhi hayo na mfumo wa maisha ya kisasa na msongo wake. Waliomsoma ndio waliofupisha hoja, na ufupisho huo ukageuka kuwa kauli iliyozoeleka madarasani na wodini kwamba Mwafrika haugui presha.

Kuna mambo matatu ambayo kipimo kile hakikuweza kuyajibu. La kwanza ni umri. Katika wilaya ambako watu wengi hawakuwa na rekodi ya kuzaliwa, umri ulilazimika kukadiriwa, na hoja nzima ya kushuka kwa shinikizo baada ya miaka 40 inasimama juu ya makadirio hayo. La pili ni hospitali yenyewe. Anayepigwa na kiharusi ghafla usiku, mbali na barabara, hafiki wodini. Hufia nyumbani na kuzikwa nyumbani. Daftari la hospitali linaonyesha waliofika tu. La tatu ndilo zito zaidi: wazee waliopimwa ni wale waliobaki hai. Kama wenye shinikizo la juu walikwisha kufa kabla ya kufika miaka 60, kundi la wazee litaonekana kuwa na shinikizo la chini hata kama hakuna mzee hata mmoja ambaye shinikizo lake lilishuka. Utafiti wa wakati mmoja hauwezi kutofautisha hali hizo mbili. Wa kuzitofautisha ni ule unaorudi kwa watu wale wale.

Hayo hayamaanishi kwamba Donnison alikosea kuhusu watu aliowapima. Tafiti za baadaye, kama itakavyoonekana, zinaunga mkono wazo kwamba shinikizo la damu la jamii nyingi za vijijini lilikuwa la chini kweli. Kosa lilikuwa katika kuichukua hali ya mahali pamoja na wakati mmoja kuwa tabia ya watu wa bara zima.

Mji uliorudiwa

Rais Franklin D. Roosevelt wa Marekani alifariki tarehe 12 Aprili 1945 kwa kuvuja damu kwenye ubongo. Shinikizo lake siku hiyo lilipimwa kuwa 300 kwa 190. Miaka ya vita lilikuwa limepanda mfululizo, lakini tiba ya wakati huo ilikuwa na machache ya kumpa, na madaktari wengi waliamini kwamba shinikizo huhitaji kupanda umri unapoongezeka. Mwezi Juni 1948 Rais Harry Truman alitia saini sheria iliyoanzisha taasisi ya taifa ya moyo, na mwaka huo huo utafiti ukaanza katika mji wa Framingham, jimbo la Massachusetts.

Mpango wake ulikuwa wa kawaida kwa maneno na mgumu kwa vitendo. Watu 6,507 wa mji huo waliteuliwa. 4,469 walikubali, na wengine 740 waliojitolea wakaongezwa, jumla wakawa 5,209. Kila baada ya miaka miwili waliitwa tena kupimwa. Thomas Dawber, aliyeuongoza kwa muda mrefu, hakuwa na vipimo vya ajabu: mashine ya shinikizo, sampuli ya damu, kipimo cha umeme wa moyo, maswali. Alichokuwa nacho ni mji uliokubali kurudi.

Mwaka 1961 Dawber, William Kannel na wenzao walichapisha matokeo ya miaka sita ya mwanzo, na istilahi ya vihatarishi ikaingia katika lugha ya tiba kupitia makala hiyo. Shinikizo la juu na wingi wa lehemu vilionekana kuutangulia ugonjwa wa moyo kwa miaka. Mwaka 1978 Framingham ilionyesha kwamba moyo unaopiga bila mpangilio, hata pasipo ugonjwa wa vali, huongeza uwezekano wa kiharusi zaidi ya mara tano, kwa kuwa damu inayotuama moyoni huganda, na bonge hilo husafiri hadi ubongoni.

Utafiti huu nusura ufe. Mwishoni mwa miaka ya 1960 fedha za serikali zilielekea kukatika, na Dawber akazunguka kuchangisha fedha kwa watu na mashirika binafsi. Uliokolewa, ukawasajili watoto wa washiriki mwaka 1971 na wajukuu mwaka 2002. Washiriki wa mwanzo walikuwa karibu wote Wamarekani weupe. Kundi la kwanza lililokusudiwa kuwakilisha jamii nyingine za mji huo liliandikishwa mwaka 1994 tu.

Kampala, Samburu, Umasaini

Wakati Framingham ikiingia mwaka wake wa kumi, Kampala ilikuwa na swali ambalo Framingham isingeweza kuliuliza. A. G. Shaper, daktari aliyefundisha Makerere, pamoja na K. W. Jones, walichapisha mwaka 1959 ulinganisho wa Waafrika na Waasia wa Uganda. Miongoni mwa Waafrika ugonjwa wa mishipa ya moyo ulikuwa karibu haupo. Miongoni mwa Waasia wa mji huo huo ulikuwa tatizo kubwa. Viwango vya lehemu katika damu vilitofautiana vivyo hivyo, na walihusisha tofauti hiyo na chakula. Hewa ilikuwa moja, mitaa ilikuwa jirani, hospitali zilikuwa zile zile. Milo ilikuwa mbalimbali.

Shaper alikwenda pia kaskazini mwa Kenya. Wasamburu aliowachunguza walikunywa maziwa kwa wingi sana, ilhali lehemu yao ilikuwa ya chini. Kusini zaidi, nchini Tanganyika, George V. Mann, ambaye awali alikuwa mmoja wa watafiti wa Framingham, aliwapima Wamasai na mwaka 1964 akatoa matokeo yanayofanana na hayo. Mwaka 1972 Mann na wenzake walichapisha uchunguzi wa mioyo ya wanaume 50 wa Kimasai waliofariki. Mishipa ilikuwa na unene wa ndani unaolingana na wa wazee wa Marekani, lakini njia ya damu ilikuwa imepanuka kadiri umri ulivyoongezeka, na dalili za kuziba zilikuwa chache. Matokeo hayo bado hutumiwa na kila upande wa mjadala wa mafuta ya wanyama, mara nyingi na watu wanaotaja nusu moja ya sentensi.

Lililo na uzito zaidi kwa sera ni utafiti mwingine wa Shaper na wenzake, uliotoka mwaka 1969, kuhusu vijana wa jamii za wafugaji waliojiunga na jeshi la Kenya. Walikuwa wametoka katika maisha ya malisho na kuingia katika mgawo wa chakula cha kambi, chumvi ikiwamo. Miili yao ilinenepa na shinikizo la damu likapanda. Hapo hoja ya maumbile ilipata pigo: watu walikuwa wale wale, na mazingira ndiyo yaliyobadilika.

Kisha kazi hiyo ikakatika. Shaper aliondoka Makerere mwaka 1970. Idi Amin alitwaa madaraka mwaka 1971, na mwezi Agosti 1972 akatangaza kuwafukuza Waasia. Mmoja wa pande mbili za ulinganisho wa Kampala ukaondoshwa nchini kwa ndege. Uingereza, Shaper alianzisha utafiti wa miji 24 ambao kati ya 1978 na 1980 uliandikisha wanaume 7,735 wa miaka 40 hadi 59, nao ukafuatiliwa kwa miongo kadhaa. Swali kuhusu moyo wa Waasia nalo lilifunguliwa upya London, katika jamii ambazo sasa zilijumuisha familia zilizotoka Afrika Mashariki. Swali lililoulizwa kwanza Kampala lilipata ufuatiliaji wake ng'ambo.

Kutoka kijijini hadi Nairobi

Miaka ya 1980 Neil Poulter na wenzake walirudi kando ya Ziwa Viktoria wakiwa na mpango ambao Donnison hakuwa nao. Waliwatafuta vijana wa Kiluo waliotoka vijijini na kuhamia Nairobi, wakawapima mara tu walipofika na kuendelea kuwapima hadi miaka miwili, wakiwalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani. Wahamiaji walikuwa 325, waliobaki 267. Matokeo yalichapishwa mwaka 1990. Shinikizo la wahamiaji lilikuwa juu kuliko la waliobaki, na tofauti ilijitokeza mapema baada ya kuhama. Mkojo wao ulionyesha chumvi zaidi na potasiamu pungufu.

Utafiti huu unastahili nafasi kubwa kuliko inayopewa katika mihadhara ya afya ya jamii ya eneo hili. Kwa mara ya kwanza hapa, kupanda kwa shinikizo kulionekana kukitokea badala ya kukisiwa kwa kulinganisha watu wa kijiji na wa mji siku moja. Ulidumu miaka miwili.

Damu inavyoganda

Kuhusu kuganda kwa damu historia ni fupi zaidi. Nchini Uingereza, Tom Meade na wenzake waliwafuatilia wafanyakazi wa kaskazini-magharibi mwa London na mwaka 1986 wakaonyesha kwamba fibrinojeni, protini inayojenga nyuzi za bonge la damu, ikiwa nyingi hutangulia ugonjwa wa mishipa ya moyo. Mwaka 1994 watafiti wa Leiden, Uholanzi, waligundua badiliko la kurithi katika kigandishi namba tano ambalo linaongeza mabonge katika mishipa ya miguu na mapafu. Kati ya watu wenye asili ya Ulaya, karibu mmoja katika 20 analo. Kwa Waafrika wa asili karibu halipo.

Ingekuwa rahisi kuhitimisha tena, kama ilivyokuwa mwaka 1929, kwamba Mwafrika amesalimika. Lakini kubeba jeni moja la selimundu, hali iliyoenea sana kuzunguka Ziwa Viktoria na pwani, kumehusishwa na mabonge ya mapafu katika tafiti za Wamarekani weusi. Ujauzito na uzazi huongeza hatari, kifua kikuu na maambukizi ya VVU vilevile. Bonge la mguuni huhitaji kipimo cha mawimbi ya sauti ili lionekane, na la mapafuni huhitaji picha ambayo hospitali nyingi za wilaya hazina. Mama anayefariki ghafla wiki ya pili baada ya kujifungua anaweza kuandikiwa sababu yoyote. Jamii za Afrika Mashariki zimehesabiwa kwa kiharusi. Kwa mabonge ya mishipa ya ndani bado ziko pale Donnison alipokuwa, yaani katika daftari la wodi.

Vifo vya nyumbani

Hatua iliyobadilisha hesabu ya kiharusi ilichukuliwa Tanzania. Kuanzia mwaka 1992 mradi wa kufuatilia maradhi na vifo vya watu wazima uliorodhesha kaya za Dar es Salaam, Hai na Morogoro Vijijini. Kila alipofariki mtu, iwe hospitalini au nyumbani, wahojaji waliwatembelea wafiwa na kuuliza kwa utaratibu: alianzaje kuumwa, upande gani wa mwili ulipooza, alipoteza kauli lini. Madaktari walisoma mahojiano hayo na kuamua chanzo cha kifo. Kazi hii ilitegemea sana uvumilivu wa wafiwa, jambo ambalo ripoti za kitaalamu hulipita kwa haraka.

Mwaka 2000 Richard Walker na wenzake walichapisha viwango vya vifo vya kiharusi kwa watu wa miaka 15 hadi 64. Kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, Dar es Salaam ilikuwa na vifo 65 vya wanaume na 88 vya wanawake. Hai 44 na 33. Morogoro Vijijini 35 na 27. Katika Uingereza na Wales mwaka 1993 viwango vilikuwa 10.8 na 8.6. Hata Morogoro Vijijini, eneo maskini kuliko yote matatu, kiharusi kiliua watu wa umri wa kufanya kazi mara tatu au zaidi ya kule. Mwaka huo huo uchunguzi wa Ilala na kijiji cha Shari wilayani Hai ulionyesha kwamba kati ya watu wenye shinikizo la juu, chini ya 20% walijijua, takriban 10% walikuwa kwenye matibabu, na ambao shinikizo lao lilikuwa limedhibitiwa hawakufika 1%.

Ufuatiliaji wa wagonjwa wapya kati ya 2003 na 2006 ulithibitisha picha hiyo. Baada ya kusawazisha umri, Hai ilikuwa na visa 108.6 vya kiharusi kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, Dar es Salaam 315.9. Vihatarishi vilipochunguzwa, shinikizo la juu na sigara vilikuwamo kama ilivyotarajiwa. Jijini Dar es Salaam kulikuwa pia na maambukizi ya VVU, kwa nguvu kubwa. Hakuna kisanduku cha VVU katika chati ya mwaka 2019, na kisingeweza kutoka Framingham ya mwaka 1948.

Ni vigumu kukwepa hitimisho kwamba kauli ya zamani ilikuwa na gharama. Kwa kuwa iliaminika kwamba ugonjwa haupo, hapakuwa na sababu ya kuutafuta. Kwa kuwa haukutafutwa, hapakuwa na takwimu za kuipinga kauli. Tafiti za kitaifa za Tanzania mwaka 2012, Uganda mwaka 2014 na Kenya mwaka 2015 zilipokuta takriban mtu mzima mmoja kati ya wanne ana shinikizo la juu, wengi waliliita ongezeko jipya. Huenda kwa sehemu ni jipya kweli. Ni kiasi gani, hakuna namna ya kusema, kwa sababu miaka ya katikati haikuandikwa.

Kilichopo sasa

Eneo hili lina makundi ya ufuatiliaji, ingawa yalianzishwa kwa sababu nyingine. Lenye umri mkubwa zaidi kati ya yanayofaa kwa jambo hili ni la Kyamulibwa, kusini-magharibi mwa Uganda, lililoanzishwa mwaka 1989 na watafiti wa Uganda na Uingereza kwa ajili ya VVU, katika vijiji 15 vilivyoongezwa baadaye hadi 25, vyenye watu wapatao 22,000. Kuanzia muongo wa pili wa karne hii lilianza kupima shinikizo, lehemu na sukari. Nairobi, kaya za Korogocho na Viwandani zimeorodheshwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kilifi nako kuna sajili ya namna hiyo.

Makundi haya yana kile ambacho chati inakihitaji na ambacho Donnison alikosa: tarehe za kuzaliwa zinazojulikana, majina ya kurudiwa, na vifo vinavyoulizwa nyumbani. Yanategemea ruzuku za nje zinazotolewa kwa vipindi vya miaka mitatu hadi mitano, kwa maradhi yaliyotajwa katika maombi. Mtu aliyekuwa na miaka 30 Kyamulibwa ilipoandikishwa ameshavuka miaka 60, umri ambao kiharusi huanza kuhesabika kwa wingi. Bajeti za wizara za afya za nchi wanachama hazina fungu la kumfuatilia kwa miaka 20 inayofuata, na ruzuku inayolipia mzunguko wa sasa ina tarehe ya mwisho.